CHETI, CHETI, CHETI! NA MWENYE MIKONO AENDE WAPI?

Kuna neno moja katika nchi hii ambalo limegeuka kuwa mlinzi wa getini. Neno lenyewe ni cheti. Ukiomba kazi ya udereva serikalini, cheti cha kidato cha nne. Ukiomba ulinzi, cheti. Ukitaka tenda ya kutengeneza hata milango ya vyoo vya shule ya msingi, utaulizwa makaratasi mpaka usahau ulikwenda kuuza nini. Kijana aliyekaa Gerezani miaka minane akichomelea vyuma, ambaye ukimletea mashine mbovu anaisikiliza tu inavyolia na kukutajia ugonjwa wake, huyo akifika mbele ya meza ya bwana mkubwa mwenye tai anaulizwa swali moja tu: umesoma wapi? Akijibu kwamba amejifunza kazini, mazungumzo yamekwisha.

Tuseme mapema, ili wapenda kupotosha wasipate pa kushikia, kwamba sisi hatuna ugomvi na shule. Anayetaka kusoma na asome, na Serikali imsomeshe. Ugomvi wetu ni na watu walioamua kwamba karatasi ndiyo kipimo pekee cha akili ya Mtanzania, kisha wao wenyewe wakajiondoa kwenye kipimo hicho.

Hatusemi kwa kubahatisha. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 67, inasema anayetaka ubunge awe raia, awe ametimiza umri wa miaka 21, na awe anajua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Hakuna mahali ambapo ibara hiyo imetaja kidato cha nne wala shahada. Nasi tunaliona jambo hilo kuwa sawa kabisa, kwa sababu mkulima wa darasa la saba anaweza kuwa mbunge mzuri kuliko profesa. Lakini hebu tazama upande wa pili. Aprili 28, 2017, mjini Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti. Watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakafukuzwa. Aliyeghushi hatumtetei. Tunachosema ni kwamba uhakiki ule haukuwagusa mawaziri, wabunge, wakuu wa mikoa wala wakuu wa wilaya. Tukaambiwa kwamba hao ni wanasiasa, na sifa yao ni kujua kusoma na kuandika.

Panga halikuishia hapo. Mwaka huohuo wakaondolewa kazini watumishi wa darasa la saba ambao hawakughushi kitu chochote, madereva wakiwamo, kwa kosa la kutokuwa na cheti cha kidato cha nne. Mtu ameendesha gari la Serikali miaka mingi, anazijua barabara zetu kwa mashimo yake, mara anaambiwa hafai kushika usukani kwa sababu hajui kutafuta eneo la pembetatu! Ni mpaka Aprili 2018, baada ya malalamiko mengi, ndipo Serikali ikatamka kwamba walioajiriwa kabla ya Mei 20, 2004 warejeshwe. Kwa hiyo kumbe wakubwa wenyewe wanajua kwamba kazi inaweza kujulikana bila cheti. Wanachokosa ni kulisema hilo kwa sauti, na kuliandika kwenye sheria inayomhusu kabwela.

Sasa twende kwenye jambo wanalojivunia. Juni 14, 2024 treni ya abiria ya SGR ilianza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro, na Julai 25 ikafika Dodoma. Mwendo wake ni hadi kilomita 160 kwa saa. Wapanda bodaboda na wamachinga wameipanda, nasi tumeipanda, ni treni nzuri. Reli ile ina upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma. Jina lake la kitaalamu ni reli ya kipimo sanifu, yaani kipimo ambacho sehemu kubwa ya dunia imekubaliana nacho. Je, kipimo hicho kilisambazwa duniani na nani? Daktari wa falsafa wa chuo gani?

Kilisambazwa na mtu ambaye mpaka anafikisha miaka 18 alikuwa hajui kuandika jina lake.

Jina la mtu huyo ni George Stephenson. Alizaliwa Juni 9, 1781 katika kijiji cha Wylam, kaskazini mwa Uingereza, mtoto wa kibarua aliyekuwa akichochea moto wa mtambo wa kusukuma maji kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Mzee hakuwa na uwezo wa kumpeleka mtoto shule. Kijana akachunga ng'ombe wa watu, akaendesha farasi machimboni, kisha naye akawa mchochea moto kama baba yake. Fedha kidogo alizopata alizitumia kumlipa mwalimu wa shule ya usiku, akajifunza kusoma, kuandika na hesabu akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Jumamosi, wenzake wanapokwenda kunywa, yeye alikuwa akiufungua mtambo wake, anausafisha, anautazama kila kipande kinafanya nini, kisha anaufunga tena. Usiku alishona viatu na kutengeneza saa za watu. Kijana wa Gerezani atamtambua mtu wa namna hii bila kuonyeshwa picha.

Mwaka 1811 mtambo wa kuvuta maji kwenye shimo moja la Killingworth ulishindwa kazi. Mainjinia walikuja, wakatazama, wakaondoka, maji yakabaki palepale karibu mwaka mzima. Stephenson, kibarua, akasema naweza. Akaruhusiwa kwa sababu hapakuwa na cha kupoteza. Katika siku chache shimo likakauka. Mwaka uliofuata mabwana wa machimbo wakampa mitambo yao yote aitunze, kwa mshahara wa pauni 100 kwa mwaka. Hakuna aliyemuuliza amesoma wapi, maana shimo lilikuwa kavu na kila mtu ameliona.

Lakini Uingereza nayo ilikuwa na mabwana wakubwa wake. Wakati ule wachimbaji walikuwa wakifa kama kumbikumbi kwa sababu ya gesi ya machimboni, ambayo ikikutana na mwali wa taa hulipuka. Mei 25, 1812, kwenye mgodi wa Felling, mlipuko mmoja uliua watu 92, wanaume na watoto. Stephenson akaanza kutengeneza taa ambayo moto wake hautoki nje kuifuata gesi. Oktoba 1815 taa ilipokuwa tayari hakuipeleka kwa mtu mwingine aijaribu. Aliiwasha, akaishika mkononi, akaingia nayo mwenyewe mahali ambapo gesi inafoka kutoka mwambani, mashahidi wake wamesimama mbali kwa hofu. Hakulipuka.

Katika majuma hayohayo, mwanasayansi mashuhuri wa London, Sir Humphry Davy, naye akatoa taa yake, ya wavu wa waya. Nchi ikamzawadia Davy pauni 2,000. Stephenson akatupiwa gini 100, na juu yake akaitwa mwizi. Wasomi wa London hawakuweza kuamini kwamba mtu asiyejua kemia, tena anayeongea kwa lafudhi nzito ya watu wa machimboni, angeweza kufika mwenyewe mahali alipofika Davy. Kwao hesabu ilikuwa rahisi: hana elimu, kwa hiyo ameiba. Watu wa kaskazini waliomwona akiingia shimoni wakakasirika, wakachangishana pauni 1,000 wakampa mtu wao. Ilipofika 1833, kamati ya Bunge la Uingereza ilipochunguza jambo hilo ikakubali kwamba Stephenson naye alikuwa na haki katika ugunduzi ule. Miaka kumi na minane! Angekuwa Mtanzania bado angekuwa anazungushwa njoo kesho.

Tusimpambe kupita kiasi. Mwaka 1825 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge kutetea reli ya Liverpool hadi Manchester, na mawakili wakamchambua kama karanga. Walimcheka lugha, hilo ni ushenzi wao. Lakini walimshika pia kwenye hesabu za miinuko, na hapo walikuwa na haki, kwa sababu vipimo vilivyochukuliwa na wasaidizi wake vilikuwa na makosa na yeye hakuweza kuvieleza. Mswada ukaanguka. Mwaka 1826 ukapita kwa vipimo vya watu wengine, kisha kampuni ikamrudisha Stephenson ajenge, maana kwenye kujenga hapakuwa na wa kumpita. Palikuwa na kinamasi kikubwa kinaitwa Chat Moss ambacho wataalamu waliapa reli haitapita. Yeye akalaza matawi na majani tabaka juu ya tabaka mpaka reli ikaelea juu ya tope. Inapita hapo mpaka leo. Na mwanawe, Robert, alimpeleka shule nzuri kwa zile fedha za kushona viatu, mtoto akirudi jioni wanasoma vitabu pamoja. Mtu huyu hakuidharau elimu hata siku moja. Aliyedharauliwa ni yeye.

Sasa msomaji shika hapa, maana hapa ndipo penye hoja yetu.

Mwaka 1829 kampuni ya reli ile ilikuwa haijaamua treni zivutwe na nini. Ingekuwa kwetu ingeundwa kamati, kamati ingezaa kamati ndogo, posho zingelipwa, na tenda ingepata shemeji. Wale walifanya jambo la kijinga kwa urahisi wake. Walitangaza masharti: mtambo uvute mzigo mara tatu ya uzito wake, uende mwendo usiopungua maili 10 kwa saa, yaani kilomita 16, urudie njia mpaka utimize umbali sawa na kwenda Manchester na kurudi. Zawadi pauni 500. Yeyote mwenye mtambo aje Rainhill mwezi Oktoba, watu wote watazame.

Ikaja mitambo mitano. Mmoja, Cycloped, ulikuwa unasukumwa na farasi anayetembea juu ya mkanda, ukatoka mapema kwa aibu. Novelty ulipendwa na watazamaji kwa umbo zuri na mbio, ukaharibika. Sans Pareil ukakwama. Perseverance ukashindwa kufikisha mwendo. Uliomaliza kazi ni mmoja tu, Rocket, wa Stephenson na mwanawe, ambao ulipoachiwa ulifika zaidi ya kilomita 45 kwa saa, kitu ambacho watu wa siku zile walidhani kitaua abiria kwa upepo. Mchezo ukaisha. Reli ikafunguliwa Septemba 15, 1830, kwa upana uleule ambao Stephenson aliuzoea kwenye njia za magari ya farasi kule machimboni. Upana huo ndio umelazwa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Mwaka 1847 wahandisi wa mitambo wa Uingereza walipoanzisha chama chao, rais wao wa kwanza akawa yeye, mzee wa shule ya usiku.

Leo akifufuka akaomba kusajiliwa hapa kwetu kama mhandisi, Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 itamtaka shahada au sifa inayolingana nayo kutoka chuo kinachotambulika. Ataambiwa akae pembeni apishe wenye sifa wapande treni yake.

Atasema mtu kwamba hizo ni hadithi za mababu wa Kizungu, za zama ambazo vyuo vya uhandisi vilikuwa havijaenea. Haya, tuje karibu. Pikipiki inayokulisha wewe bodaboda unayesoma gazeti hili ukisubiri abiria, kama ni ya Kichina, kuna uwezekano mkubwa injini yake imefuata mchoro wa Honda CG125. Na Honda ni jina la mtu. Soichiro Honda alizaliwa Japani mwaka 1906, mtoto wa mhunzi aliyetengeneza pia baiskeli. Akiwa na miaka 15 alikwenda Tokyo kuwa mwanagenzi kwenye gereji, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kufagia na kumbeba mtoto wa tajiri. Alipokuwa na karakana yake akataka kutengeneza ringi za pistoni. Zikamshinda. Baadaye alipowapelekea Toyota ringi 50 zikaguliwe, zilipita 3 tu. Akagundua kwamba tatizo lake ni ujuzi wa madini, akaenda kukaa kwenye chuo cha ufundi cha mji wa Hamamatsu, mtu mzima katikati ya watoto, akisikiliza masomo anayoyahitaji na kuyaacha mengine. Mitihani akakataa kufanya. Hawakumpa cheti, naye hakukihitaji, kwa sababu alichokifuata alikuwa amekwisha kukipata: ringi zake zikaanza kupita.

Baada ya vita, mwaka 1946, nchi yao ikiwa majivu na usafiri hakuna, Honda alichukua injini ndogo za kuzalishia umeme wa redio za jeshi akazifunga kwenye baiskeli. Mwaka 1948 akaanzisha kampuni. Mwaka 1958 ikatoka pikipiki ndogo ya Super Cub, ambayo kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Vijana wengi huwa hawaambiwi kipande kimoja cha habari hii: Honda hakuwa mtu wa fedha. Mwaka 1949 alimpata mwenzake, Takeo Fujisawa, ambaye naye hakuwa na shahada, akamwachia mahesabu na mauzo, yeye akabaki na mafuta mikononi. Fundi anayejua kwamba hajui biashara, na akamtafuta anayeijua, ametatua nusu ya matatizo ya Gerezani.

Na kama hata Japani ni mbali, basi fika dukani kwa Mpemba hapo mtaani. Unga, maji, juisi, aiskrimu, halafu ukirudi nyumbani unatazama mpira kwenye king'amuzi chake. Said Salim Bakhresa aliacha shule akiwa na miaka 14. Aliuza mchanganyiko wa viazi, akafungua mgahawa Dar es Salaam, akaingia kwenye unga, mengine mnayajua. Leo kampuni zake zinaajiri wenye shahada, na kampuni hizo zisingekuwapo kama mwanzoni ilihitajika shahada kuziasisi.

Wapo watakaotuuliza: mnataka maghorofa yajengwe na wasiosoma? Hapana. Tunakumbuka Machi 29, 2013, jengo la mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na kuua watu 36. Kazi inayoweza kuua lazima iwe na mtu anayewajibika kisheria, na hesabu zake zikaguliwe. Stephenson mwenyewe alifundishwa na ile kamati ya 1825 kwamba hesabu haina huruma. Lakini jiko la mkaa, geti, dawati, mashine ya kufyatulia matofali, ya kukoboa mpunga, ya kukamua alizeti, vitu hivi havihitaji shahada ili vipimwe. Vinahitaji mtu avijaribu. Dawati likikaliwa na watoto watatu kwa mwaka mzima bila kulegea, fundi amefaulu.

Zamani jambo hili lilieleweka. Palikuwa na tredi testi, daraja la tatu, la pili na la kwanza, na fundi alipimwa kwa kazi ya mikono yake. Hata leo VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina mpango wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunza mtaani anapimwa, akifaulu anapewa cheti bila kurudi darasani. Ni mpango mzuri, na tunausifu. Lakini nenda vijiweni uulize ni wangapi wameusikia. Kisha muulize aliyekipata cheti hicho kimemfungulia mlango gani. Mwandishi wa maneno haya, ambaye shule yake iliishia kidato cha nne, amewahi kurudishiwa makala na ofisi moja ya mjini hata kabla ya kusomwa, kwa kukosa stashahada. Kwa hiyo anajua kidogo ladha yake.

Sheria ya manunuzi ya umma inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, vijana wakiwamo. Halmashauri zinatakiwa kutoa asilimia 10 ya mapato yao kuwa mikopo, na vijana fungu lao ni asilimia 4. Mikopo hiyo ikasimamishwa Aprili 2023, ikarudishwa mwaka uliofuata. Kwenye karatasi kijana amekumbukwa. Lakini mjini hapa kila mtu anajua kinachotokea: mwenye makaratasi anashinda tenda ya madawati, kisha anakuja jioni Gerezani na gari lake kumtafuta yuleyule asiye na sifa amtengenezee kwa bei ya kutupa. Kama hana sifa, madawati yametoka wapi? Na kama madawati ni mazuri, fedha ya tofauti imekwenda wapi?

Tunaziomba halmashauri za Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Mbeya zianze na tenda moja tu. Zitangaze kwamba zinahitaji mashine ya kupukuchulia mahindi, au dawati, zitaje uzito, bei ya mwisho na kazi inayotakiwa kufanyika kwa saa. Zichague uwanja, zipange siku. Mwenye chake akilete, wa chuo na wa mtaani, kijaribiwe mchana mbele ya watu, matokeo yabandikwe ukutani siku hiyohiyo. Atakayeshinda apewe kazi yote kwa jina lake, na kama hana cheti, basi VETA wawe wamekaa palepale na fomu zao wamwandikie.